Kabati la Milango Miwili

Skrubu moja imepungua.
Tumehesabu mara tatu, mimi na Morven,
tumepiga magoti kwenye zulia la mwenye nyumba,
ghorofa ya tatu, Dundee, saa nne usiku,
mbao zimetuzunguka kama miiba ya samaki
baada ya karamu.

Karatasi ya maelekezo haina maneno.
Ina kijitu chenye kichwa cha duara, kinatabasamu,
halafu vijitu viwili, vinatabasamu pia.
Hakuna ukurasa wa vijitu viwili
visivyosemezana tangu magharibi.

Kosa langu lilikuwa dogo: nilisema "sawa".
"Sawa" ya baba,
ile aliyoiweka mezani kama sahani tupu
nyumba nzima ikala kimya siku tatu.
Morven haijui "sawa" hiyo.
Kwao hasira ni mlango: unaubamiza,
unashuka ngazi, unatembea mpaka mtoni,
unarudi na chipsi zilizolowa siki,
basi, yamekwisha.
Nikabaki na bisibisi mkononi
nikihesabu hatua zake hadi chini,
thelathini na nane,
na hofu ya mtoto wa miaka saba
ndani ya fulana ya mtu wa ishirini na sita.

Kila Jumapili mama huniuliza kwa simu:
U mzima?
Mzima, mama.
Haya, mtu mzima wewe sasa.
Lugha yetu ina haraka.
Ndevu zikiota tu, umeshakuwa mzima,
huna ufa, huna kipande kilichosahaulika kiwandani.

Mwaka wa kwanza hapa niliishi na Fergus na Olumide,
jokofu moja, kila katoni ya maziwa ina jina la mtu.
Nilidhani urafiki ni kama mvua ya mji huu,
hauitafuti, inakunyea tu.
Fergus akahamia Aberdeen.
Olumide kapata mtoto; ujumbe wangu
huujibu baada ya wiki mbili, kwa kidole gumba.
Hakuna aliyenitahadharisha kuwa upo umri
marafiki wanapopungua bila ugomvi,
kama nywele zinazobaki kwenye kitana,
nami nikamgeukia aliyebaki
nikamtwisha mizigo ya wote:
awe rafiki, awe ndugu, awe kwetu,
awe na lile jua la Desemba
linalozama saa tisa na nusu alasiri
kabla sijatoka kazini.
Na alipochoka, nikasema "sawa".

Alirudi saa tano. Chipsi zimepoa.
Akaketi sakafuni na koti lake, pua nyekundu,
akataka nimwambie ninachohisi.
Nikatafuta.
Kwetu tuliulizwa kama tumekula.
Nikapata neno moja, tena si zuri:
Naogopa. Ukishuka zile ngazi, naogopa hutarudi.

Akatafuna. Akafikiri.
Na mimi naogopa, akasema, nikibaki ndani
nitakuwa kama mama,
aliyekuwa akiosha vyombo vilivyo safi.

Kumbe chumbani hatukuwa wawili.

Hatukukumbatiana. Tulikula,
vidole vyetu vikikutana penye chumvi.
Kisha yeye akasimamisha ubavu wa kushoto,
mimi wa kulia,
na pale pasipo na skrubu tukashindilia
kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne.
Nilitaka kuandika kiwandani wanitumie nyingine.
Sijaandika.

Mlango mmoja unafunga vizuri.
Wa pili hufunguka wenyewe usiku wa manane,
polepole, ukilalamika,
nasi tunausikia, kila mtu upande wake wa kitanda,
kila mtu akijifanya amelala.

Leo zamu yako, ananong'ona.
Naamka, naufunga.
Sakafu ni ya baridi kweli.